"A number of" na "The number of", ipi inaenda na "was" na ipi "were"? Naomba msaada wadau

steshenari_ya_kona:

Habari za saa hizi wadau. Mi nina steshenari karibu na chuo, msimu huu kazi yetu kubwa ni risachi za wanachuo, tunataipu, tunapanga majedwali, tunaweka namba za kurasa, afu tunaprinti na kubaindi. Sasa kuna dada mmoja wa mwaka wa tatu kaleta kazi yake imerudi kutoka kwa supavaiza, sura ya nne yote imejaa kalamu nyekundu, na kinachomchanganya ni hiki. Ukurasa mmoja kaandika "A number of farmers was interviewed", supavaiza kafuta "was" kaweka "were". Sawa, dada akaona bas kumbe farmers ni wengi kwa hiyo naweka "were" kila sehemu. Kufungua ukurasa unaofuata alikuwa kaandika "The number of farmers were 85", na hapo kafutiwa "were" kawekewa "was". Pembeni hakuna maelezo yoyote, ni duara na mshale tu.

Kaniuliza mimi maana anajua nakutana na kazi nyingi, nikamwambia anipe mpaka kesho jioni. Ile programu ya kuandikia mara inapiga mstari mara haipigi, siwezi kuitegemea kwenye kazi ya mtu inayokwenda kusahihishwa. Mwenye kulijua hili vizuri naomba atueleze, na sio jibu la "weka hii" peke yake, maana hizi sentensi zinakuja kila siku na nikimrekebishia mtu nataka niweze kumwambia ni kwa nini. Halafu je ukichomeka neno hapo katikati kama "large" au "total", inabadilika au inabaki vilevile? Natanguliza shukrani.

Kihesa_Boy:

Mkuu kwa kifupi, "a number of" inaenda na were/are/have, "the number of" inaenda na was/is/has. Supavaiza yuko sahihi sehemu zote mbili. Na zote mbili jina linalofuata linakuwa wingi, usije ukaacha mtu anaandika "a number of farmer" hiyo nayo naiona sana.

Mwl_Zuhura:

Kihesa_Boy jibu lako ni sahihi ila mwenye mada kaomba sababu kwa hiyo ngoja nilishukie kidogo, hili swali huwa nalipenda mno na wanafunzi wangu wa kidato cha tano kila mwaka lazima waniulize.

Kaka, kabla hujaangalia a au the, jiulize sentensi inamuongelea nani. Chukua "The number of farmers was 85". Hapo tunaongelea nini? Tunaongelea idadi, yaani ile 85 yenyewe. Wakulima wametajwa ili tujue ni idadi ya nini, lakini mwenye sentensi ni idadi, na idadi ni moja tu hata kama wakulima wako milioni. Ndo maana hata sisi tunasema "idadi ya wakulima imeongezeka", kile kitenzi kinaifuata idadi kinaanza na i-, hatusemi wakulima wameongezeka unene. Kwa hiyo "was", "is", "has increased".

Sasa njoo kwenye "A number of farmers were interviewed". Nani kahojiwa hapo? Idadi haihojiwi, haina mdomo. Waliohojiwa ni wakulima, wakulima kadhaa. Haya maneno matatu "a number of" hapo yameshikana yanafanya kazi ya kadhaa, na ukishaelewa hivyo mwenye sentensi anabaki kuwa farmers, na farmers ni wengi, so "were".

Kuna jaribio moja ambalo nawapa wanafunzi na linafanya kazi karibu kila mara. Ondoa hayo maneno weka "several" halafu soma. "Several farmers were interviewed", imekaa vizuri, bas ujue hiyo ni wingi. Jaribu kwenye ile nyingine, "Several farmers was 85", unaona yenyewe inakataa, haina maana kabisa, kwa hiyo hapo number ni idadi na kitenzi ni cha umoja.

Mfano ambao mtu yeyote wa hapa nyumbani anaweza kuushika ni mikoa. Mwaka 2012 serikali ilianzisha Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, utaandika "A number of new regions were created in 2012", mikoa kadhaa mipya ilianzishwa. Halafu 2016 ikaongezeka Songwe, sasa utaandika "The number of regions in Tanzania is now 31", idadi ya mikoa sasa ni 31. Jambo ni lilelile la mikoa, sentensi zinafuatana, lakini ya kwanza inaongelea mikoa yenyewe na ya pili inaongelea hiyo 31. Mwambie dada aandike hizo mbili kwenye karatasi aziangalie.

Kuhusu maneno ya katikati, kinachoamua hakibadiliki. "A large number of", "a small number of", "a growing number of", zote were/are/have. Hapo watu wanajichanganya kwenye "small", anaona idadi ni ndogo anadhani kitenzi nacho kiwe cha umoja, hapana, wachache nao ni wengi kuliko mmoja. "The total number of", "the average number of", "the large number of", zote was/is/has.

Baba_Neema:

Mwalimu heshima kwako ila naomba nipingane kidogo. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa "a" ni alama ya umoja, a book, a chair, huwezi kuweka "a" kisha ukaleta "are". "A number" ni kitu kimoja, hilo liko wazi. Na mimi nimeshaona kwenye vitabu imeandikwa "There is a number of reasons", waandishi wenyewe Wazungu, sasa tuseme nao hawajui? Naona hii ya "a number of are" ni mazoea ya mtaani tu yaliyoingia kwenye maandishi. Pili, kama kanuni ndo hiyo ya a kwenda na are na the kwenda na is, basi "The majority of respondents" nayo iwe "was", na sijawahi kuona mtu anaandika hivyo. Kanuni ikikubali sehemu moja ikikataa nyingine hiyo sio kanuni.

Mwl_Zuhura:

Baba Neema shikamoo, nashukuru umelileta hilo maana wengi wanafikiri hivyohivyo.

Kuhusu hiyo "a", angalia "a few". "A few people are outside". Pana "a" pale mbele na hakuna anayesema "a few people is". Au "a lot of people", kila siku tunaandika "a lot of people are", hatujawahi kushtuka. Kiingereza kwenye maneno ya namna hii ya kiasi na wingi kinafuata maana, hakiangalii kile kineno cha mbele. "A number of" iko kwenye familia hiyohiyo. Na sio lugha ya mtaani, ukifungua kamusi ya Oxford ya wanafunzi kwenye neno number kuna kidokezo cha sarufi kabisa kinachosema baada ya "a number of", hata ukiongeza large au small, kitenzi kinakuwa cha wingi. "There is a number of reasons" ni kweli ipo, utakutana nayo, lakini kwenye maandishi rasmi wahariri wengi wataigeuza iwe "There are a number of reasons", na kwa mwanafunzi anayesahihishwa ushauri wangu ni aandike "there are".

La pili nakubaliana na wewe moja kwa moja. "The majority of respondents were women" ndo sahihi, japo mbele kuna "the". Kwa hiyo mtu asikariri kwamba a ni are na the ni is halafu akaipeleka kila sehemu, itamwangusha. Ile ya a na the inafaa kwa number, inafaa kwa percentage pia. Kwa majority rudi kwenye swali la mwanzo, nani anaongelewa? Waliokuwa wanawake ni respondents, so were. Ukisema "The majority of the land was dry" hapo ni ardhi, ambayo haihesabiki, so was.

Baba_Neema:

Marahaba mwalimu. Ya "a few" nimeielewa, hapo sina la kuongeza.

Mhariri_Nai:

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nasahihisha stori za wengine kila siku na nataka kuongezea kitu kimoja ambacho naona hakijaguswa na ndicho kinaangusha hata waandishi wazoefu, si wanafunzi peke yao. Shida haiko kwa sentensi fupi. Sentensi fupi mtu anaweza kuisikia kwa sikio. Shida ni pale kati ya number na kitenzi kumejaa maneno mengi mpaka mwandishi akasahau alianza na nini.

Angalia hii: "The number of farmers in the lower parts of the county who use certified seeds have increased." Ukiisoma haraka inapita, kwa sababu jicho limetoka kuona seeds, kabla yake farmers, kabla yake parts, yote ni wingi, so mkono unaandika have wenyewe. Lakini rudi nyuma, ni nini kimeongezeka? Idadi. So "has increased".

Na hapo kwa hiyo sentensi muone kuna vitenzi viwili na kila kimoja kina mwenyewe. "Who use" hiyo ni ya wakulima, wao ndio wanatumia mbegu, so use, si uses. "Has increased" ni ya idadi. Nimeona watu wakishaambiwa "the number of ni umoja" wanaenda kubadilisha vyote viwili, wanaandika "The number of farmers who uses certified seeds has increased", sasa wameharibu ile iliyokuwa sawa. Nikiwa na sentensi ndefu hivyo mimi naziba kwa kidole kila kitu kuanzia "of" mpaka kabla ya kitenzi cha mwisho, nasoma "The number ... has increased", nikiridhika natoa kidole.

Kitu kingine ni neno lenyewe la kufuata. Idadi haiwi nyingi wala chache. "The number of candidates is many" hii naikuta sana na inatoka moja kwa moja kwa vile tunavyoongea. Number inakuwa large, high, small, low. Ama geuza sentensi useme "There are many candidates", mara nyingi ndiyo nzuri kuliko zote. Na population vilevile, "The population of Kenya was 47,564,296 in the 2019 census", hatuandiki "the number of population".

DataMwanza:

Nimepita nikaona nisiache hili. Niko kwenye kazi za tathmini ya miradi, ripoti zetu zote zinaenda kwa wafadhili kwa Kiingereza, na hii "a number of" huwa naipigania kwa sababu nyingine kabisa tofauti na sarufi.

Dada wa risachi ameshahoji watu, ana dodoso, ana jedwali, anajua kabisa ni wangapi. Sasa kwa nini sura ya nne aandike "A number of farmers were interviewed"? Kadhaa ni wangapi? Inaweza kuwa 4 inaweza kuwa 400, msomaji hajui. Sarufi iko sawa ila taarifa haipo. Aandike "85 farmers were interviewed", au kama hataki kuanza sentensi na tarakimu, maana vyuo vingi hawataki, aandike "A total of 85 farmers were interviewed". Hiyo "a total of" nayo ni kama "a number of", inafuata wale watu, kwa hiyo were. Lakini akiandika "The total was 85" hapo ni jumla yenyewe, was. "A number of" aiweke kwenye sura ya kwanza na ya pili huko anakoelezea hali ya jumla, mfano "A number of studies have shown", na hata hapo azitaje hizo studies ni zipi.

Kwenye asilimia ni kama alivyodokeza mwalimu. "The percentage of women was low", ni asilimia yenyewe. "A small percentage of farmers were trained", ni wakulima. Na ukiandika namba moja kwa moja angalia kinachofuata, "60% of the respondents were", "60% of the land was".

Kosa lingine ninalolikuta kila ripoti ni kuchanganya number na amount. Number ni ya vitu unavyoweza kuhesabu kimoja kimoja, watu, mifuko, ng'ombe, visima. Amount ni ya vile vinavyopimwa, maji, pesa, mbolea, muda. Ile "the amount of people" niliyoiona kwenye ripoti ya juzi ilinikera kweli, watu hawapimwi kwa kilo. Mbolea ni "the amount of fertilizer", ukitaja mifuko inageuka "the number of bags of fertilizer". Na kwa sababu hiyohiyo huwezi kusema "a number of information" wala "a number of equipments", maana information na equipment kwa Kiingereza hazihesabiki na hazichukui s. Sema "a lot of information" au "several pieces of equipment". Hapa Kiswahili kinatudanganya, sisi vifaa tunahesabu, taarifa tunahesabu, kwa hiyo mtu akitafsiri kichwani anaandika equipments bila wasiwasi wowote.

Kihesa_Boy:

DataMwanza hiyo ya equipments iongezee "researches" na "advices", hizo ndo ziko kwenye kila risachi.

steshenari_ya_kona:

Aisee wadau nashukuru sana, nimeprinti huu uzi mzima nimeubandika pale juu ya mashine. Dada kapita mapema kuliko tulivyopanga, tumekaa tumepitia sura ya nne pamoja kwa lile jaribio la several na lile la kuziba kwa kidole, tumezigundua nyingine ambazo hata supavaiza alikuwa hajazizungushia. Zimebaki hizi tatu ambazo tumebishana, naomba mzitupie jicho.

Ya kwanza, "There was a number of challenges which was facing farmers."

Ya pili, "The number of male and female respondents were not equal."

Ya tatu, "An increasing number of youths has migrated to town while the number of youths engaging in farming have decreased." Hii ya tatu mimi nasema zote ziko kinyume ila yeye anasema ya mwanzo iko sawa kwa sababu kuna "increasing", kitu kinachoongezeka ni idadi.

Mwl_Zuhura:

Mmefanya vizuri kukaa naye.

Ya kwanza, changamoto kadhaa, kwa hiyo "There were a number of challenges", na hiyo "which was" nayo ni ya challenges kwa hiyo "which were". Lakini ningeifupisha, "Farmers faced a number of challenges", halafu mara moja azitaje, kama DataMwanza alivyosema.

Ya pili ni nzuri kuijadili. Hapo kuna idadi mbili, ya wanaume na ya wanawake, ndo maana tunasema hazilingani, kitu kimoja hakiwezi kutolingana chenyewe. Kwa hiyo number yenyewe inachukua wingi, "The numbers of male and female respondents were not equal". Hapo "were" inabaki ila kwa sababu ya ile s kwenye numbers. Mtu akiona "the number of" akakimbilia "was" bila kufikiri ataharibu maana.

Ya tatu uko sahihi wewe kaka. Hoja ya dada naielewa, ni kweli kinachoongezeka ni idadi, lakini waliohamia mjini ni vijana, idadi haipandi basi. Jaribu several, "Several youths have migrated", imekaa. Kwa hiyo "An increasing number of youths have migrated to town", na upande wa pili kilichopungua ni idadi, "while the number of youths engaging in farming has decreased". Vijana wa upande ule wa pili wenyewe hawajapungua kilo.

Mhariri_Nai:

Hapo mwalimu amemaliza. Hiyo ya tatu mimi ningeandika "young people" mahali pa "youths", kwa ripoti inasomeka vizuri zaidi, ila si kosa. Na aangalie "engaging in farming", hapo "engaged in farming" ndiyo imezoeleka zaidi.

steshenari_ya_kona:

Nimebadilisha zote na hizo mbili za mwisho pia. Mwalimu samahani, nyongeza moja tu kabla sijaprinti, kwenye abstrakti ameandika "A total of 120 questionnaires were distributed and the number of questionnaires returned was 97". Iko sawa?

Mwl_Zuhura:

Iko sawa yote. Ila neno questionnaires limejirudia, anaweza kuandika "A total of 120 questionnaires were distributed, of which 97 were returned". Hapo "were" ya pili ni ya zile 97. Iache hivyo, printi.